Ritifaa kwenye Kibao cha Duka

Nilikulia Murungu, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa cha redio na cha wageni. Sisi wenyewe tulisema Kiha. Kiswahili nilikipata shule ya msingi, na nilipokuwa nimeanza kukizoea nikafaulu kwenda sekondari ya kutwa mjini Kibondo, ambako kila kitu, kuanzia hesabu hadi historia, kilikuwa kwa Kiingereza. Nilikuwa msichana wa sketi ndefu na maneno machache. Kiingereza changu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na hata hapo mwalimu alinirudisha mlangoni niombe upya.

Baba alinipangia chumba karibu na shule, nikakaa na msichana mwenzangu aliyetoka Kasanda. Tulilala kitanda kimoja na kupika kwenye jiko moja la mkaa. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Kibondo inapong'ata vidole, tulibishana nani atangulie kutoka kwenye blanketi. Mwenzangu huyo wa Kasanda alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kusoma. Mimi nilikuwa mzito wa yote mawili. Leo nikisikia harufu ya mkaa unaoanza kushika, narudi kwenye chumba kile kabla sijajizuia.

Tulipofika kidato cha pili tukaletewa mwalimu mpya wa Kiingereza. Alitoka Tanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, rika la mama yangu mdogo, anayevaa ushungi na miwani yenye kamba shingoni. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, hata akikugombeza unatamani aendelee. Tulimwita Madam, kama tulivyowaita walimu wote wa kike, lakini yeye alituita wanangu.

Wiki ya kwanza alitupa insha: tueleze nyumbani kwetu. Wiki ya pili akaingia na daftari zetu mikononi, akaiinua moja.

"Hii ya nani?"

Nikaitambua kwa doa la mafuta ya taa kwenye jalada. "Yangu, Madam."

"Simama, mwanangu. Nitaisoma kama ulivyoiandika."

Akavuta pumzi, akaanza: "My home is Murungu we have goats my father he is a farmer he wakes up early my mother she carries water the water is far we are many in our house..." Akaendelea hivyohivyo bila kupumua. Kufikia mbuzi wa jirani sauti yake ilikuwa imebaki uzi. Akaweka mkono kifuani, akakaa kwenye kiti, akatweta. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilitazama viatu vyangu nikatamani sakafu ipasuke.

"Msimcheke," akasema alipopata pumzi. "Mimi nimesoma alichokiandika. Hakunipa mahali pa kupumua, nami sikupumua." Kisha akanigeukia. "Habari za kwenu ni nzuri. Nataka kuwajua hao mbuzi. Lakini nipe nukta, mwanangu, nisije nikafa kabla ya kuwafikia."

Safari hii nami nilicheka.

Siku ile akatufundisha jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa ametuambia. Alisema Kiswahili chetu kinatudanganya, kwa sababu kina "ka". Akaandika ubaoni: niliamka, nikanawa, nikala, nikaondoka. "Mnaona? Hiyo 'nika' inashikana mikono na iliyo mbele yake. Mnaweza kwenda hivyo mpaka Kasulu, mkato kwa mkato, na msomaji hapotei. Kiingereza hakina 'nika'. Mkiwaweka watu wawili wazima kwenye sentensi, kila mmoja na kitendo chake, kisha mkawatenganisha kwa mkato mtupu, mkato unaelemewa."

Akaandika: "My mother is tired, she is sleeping." Akauliza kosa liko wapi. Hatukuliona. Kwa masikio yetu ilikuwa safi kabisa.

"Nani amechoka?"

"Mama."

"Nani amelala?"

"Yeye."

"Basi hapo kuna sentensi mbili. Ama mweke nukta, ama baada ya mkato mweke neno la kuzifunga: and, but, so. Mtafute mtenda, mtafute kitendo chake. Mkikutana na mtenda wa pili, simameni mjiulize."

Ili tuzoee kusimama, alitumia desturi yetu wenyewe. Alikuwa amekwishaona jinsi watu wa Kibondo wanavyosalimiana, kuinama na kupiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, habari za mke, za watoto, za ng'ombe, za shamba. Akatuambia tusome kwa sauti, na kila tukifika kwenye nukta tupige kofi moja kama la salamu. Kwenye mkato tusipige, tushushe pumzi tu. Basi darasa zima likawa linasoma na kupiga makofi. Mkuu wa shule akaja dirishani kuuliza kama tuna sherehe.

"Tuna nukta," Madam akamjibu, na mkuu wa shule akaenda zake.

Alama ya mshangao alitunyima karibu kabisa. Sisi tuliipenda, tuliiweka hata baada ya "Good morning". Yeye alisema ile ni ya mtu aliyekanyaga msumari. "Kama hujakanyaga, weka nukta." Mpaka leo nikiiona imesimama mwishoni mwa tangazo la mkutano, nauonea huruma mguu wa aliyeandika.

Iliyotushinda ilikuwa ritifaa, ule mkato mdogo wa juu. Shida yetu ilitoka kwenye ng'ombe. Tangu darasa la kwanza tulijua kwamba alama ile inakaa kwenye ng'ombe na ng'ambo ili sauti ipitie puani. Kwa hiyo mwenzangu wa Kasanda alipoitwa asome "my father's hat", alipofika kwenye ritifaa alijitahidi kuipitisha puani. Ikatoka sauti ambayo siwezi kuiandika. Madam alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko, akasema:

"Hapana, mwanangu. Ya Kiingereza haiendi puani. Wakati mwingine inakaa mahali pa herufi iliyoachwa, kama kwenye don't. Na hapa inafanya kazi ya 'ya'. Kofia ya baba. Ila wao wanamtanguliza baba, wanampa ritifaa na s, ndipo inakuja kofia."

Tukauliza kama watu ni wengi je. Akasema kama neno la wingi lina s yake tayari, ritifaa inakaa nyuma ya ile s: the girls' room, chumba cha wasichana. Kama halina s, kama children, unaliwekea ritifaa na s kama mtu mmoja: the children's room. Tuliandika. Hatukuelewa. Ndipo akaamua kututoa nje.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani. Tulitembea na Madam mpaka mjini, kila mmoja na daftari, tusome vibao vya maduka. Tukakuta saluni zenye ritifaa pasipohitajika na hoteli zisizo nayo panapohitajika. Fundi mmoja alikuwa ameiweka kwenye "repair's", na Madam akasema huyo ameirusha tu kama chumvi. Tulifurahi kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika maisha yetu kulikuwa na Kiingereza tulichoweza kukikosoa.

Karibu na stendi lilikuwapo duka la nguo za watoto. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, Mwislamu, mfanyabiashara aliyekuja na mali yake kutoka pwani siku nyingi, ambaye mke wake alikuwa amefariki. Tulimjua kwa kofia yake nyeupe na kwa kuwa hakuwafukuza watoto waliokuja kupapasa viatu bila kununua. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao kikubwa cha rangi ya bluu: WE SELL CHILDREN SHOES AND CLOTHES.

Tulisimama tukakisoma. Mwenzangu wa Kasanda, ambaye kwa kawaida alikuwa wa mwisho kuelewa, ndiye aliyeelewa kwanza.

"Madam," akasema, "anauza watoto."

Tukacheka mpaka watu wa stendi wakageuka. Mwenye duka akatoka mlangoni.

"Kuna nini, wanafunzi?"

Madam akajitokeza mbele, akamsalimu, akajieleza kwamba ni mwalimu na hawa ni watoto wake wa kidato cha pili, wako kazini. Yule bwana aliposikia tu matamshi yake, uso ukalainika.

"Wewe ni wa nyumbani," akasema.

"Tanga."

"Mimi Pangani. Karibu, Mwalimu. Sasa hawa wanacheka nini?"

Madam alimweleza polepole, kwa adabu, kama unavyomwambia mtu kwamba kanzu yake imechanika nyuma. Alisema kibao chake, kilivyoandikwa, mtu anaweza kukisoma kwamba duka linauza watoto, na viatu, na nguo. Yule bwana akakitazama kibao kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana," akasema. Akatueleza kwamba wageni wa yale magari marefu yenye antena, wanaofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi, walikuwa wakisimama mara kwa mara pale nje kupiga picha. Walikuwa wanatabasamu na kumpungia mkono. "Mimi nilidhani wameipenda rangi. Nikawa nakipangusa kibao vumbi kila asubuhi, wakija wakikute safi."

Kicheko chetu kikakauka. Nakumbuka nilivyomwangalia akiwa amesimama na kofia yake nyeupe, na nikajua jinsi anavyojisikia, kwa sababu nami nilikuwa nimesomewa mbele ya watu.

Madam aliomba kiti. Yule bwana akaleta kigoda, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe, na mwalimu wetu akapanda, akatoa chaki kwenye mkoba, akachomeka ritifaa na s baada ya CHILDREN, ndogo kidogo kwa kuwa nafasi haikutosha. Akashuka, akajipangusa mikono.

"Sasa unauza viatu vya watoto," akamwambia.

"Ahsante, Mwalimu. Nitamwita mchoraji aiweke kwa rangi."

Tuliporudi darasani hakuna hata mmoja aliyeuliza tena ritifaa inakaa wapi. Tulikuwa tumeiona ikimwokoa mtu.

Mvua zikaanza. Mvua ya kwanza ya Kibondo haina huruma, inapiga mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Tulipopita stendi baada ya mvua ile, kibao kilikuwa safi, na duka limerudi kuuza watoto. Tukamwambia Madam. Kesho yake jioni tukamwona juu ya kigoda na chaki yake, yule bwana amekishika kwa mikono miwili.

"Mchoraji hajapatikana," tukamsikia yule bwana akisema. "Ameenda Kakonko."

Mvua nyingine ikanyesha, ikafuta. Madam akaenda tena. Safari hiyo sababu ilikuwa rangi nyeupe imekwisha mjini. Mwenzangu wa Kasanda alinitazama. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa mlango wa tatu kutoka pale, na makopo ya rangi nyeupe yalikuwa yamepangwa nje.

"Huyu hataki rangi," akaninong'oneza.

Wiki zile za mvua tuliangalia mawingu kwa hamu ambayo baba yangu, mkulima, hakuwahi kuwa nayo. Mvua ikinyesha mchana, jioni tulipata sababu ya kupitia stendi. Mara nyingine tuliwakuta wamemaliza kazi ya chaki wakiwa wamekaa ndani ya duka, mlango wazi, wanakunywa chai ya tangawizi na kuzungumzia watu wa kwao. Madam alikuwa akicheka kicheko ambacho hatukukijua shuleni. Walizungumza Kiswahili cha haraka, cha mizaha, na sisi wawili tulisimama nje tukijifanya tunachagua soksi. Sikuelewa kila neno. Nilichoelewa ni kwamba watu wazima hawa wawili walikuwa wapweke katika mji wetu, kwenye baridi yetu, na sisi hatukuwahi kulifikiria hilo.

Siku moja darasani, mwenzangu wa Kasanda akainua mkono. Tulikuwa tunafanya alama za usemi, zile zinazofungua na kufunga maneno ya mtu.

"Madam, kama mtu ameuliza swali lakini bado hajajibiwa, unafunga alama?"

"Unaweka alama ya kuuliza, kisha unafunga. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama yule bwana wa duka amekwishauliza."

Nilijua mwenzangu atapewa adhabu ya kufyeka nyasi mpaka mwisho wa muhula. Madam akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, taratibu sana.

"Ameuliza," akasema. "Nami nimejibu. Fungueni ukurasa unaofuata."

Walioana kabla ya mtihani wetu wa kidato cha pili. Tulialikwa darasa zima, Waislamu na Wakristo, na tulikwenda na sare za shule kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na nguo nyingine za kwenda nazo mahali pa watu. Ndugu wa bwana harusi walikuja kutoka pwani, wamejifunga makoti na mablanketi, wanalalamikia baridi. Palikuwa na pilau ambayo mimi nilikuwa sijawahi kula, kwa kuwa kwetu sherehe ilikuwa ugali wa muhogo na nyama. Nilikula nikakumbuka kwamba sijampelekea mama. Madam alinikuta nje nimesimama na sahani tupu, akaniuliza kuna nini, nikamwambia. Akaingia ndani akarudi na pilau imefungwa kwenye jani la mgomba, akanipa.

Mama yangu aliila kesho yake ikiwa baridi. "Huyu mwalimu wako, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "ni mtu."

Wiki iliyofuata mchoraji akapatikana. Hakuwa ametoka mjini hata siku moja.

Madam alitufundisha mpaka kidato cha nne. Nilifaulu Kiingereza vizuri, mwenzangu akafaulu baiolojia kuliko sote. Tuliagana chumbani kwetu huku tukigawana vyombo, yeye akachukua sufuria, mimi nikachukua jiko. Sasa yeye ni muuguzi Kabanga, ana watoto wawili, na bado ni mwepesi wa kucheka. Mimi nilisomea ualimu Kasulu, na Kasulu ndipo nilipobaki.

Nilikuwa chuoni niliposikia kwamba Madam na mume wake wanaondoka kurudi pwani. Biashara ilikuwa imepungua, magari marefu hayakuwa yakipita kama zamani, na mume wake alikuwa ameanza kusumbuliwa na kifua kwa sababu ya baridi. Nilipanda gari nikaenda Kibondo kuwaaga. Nikawakuta wanafunga mizigo kwenye nyumba iliyokwisha kuwa na mwangwi. Mume wake alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunika shuka, ananielekeza nifunge kamba vipi, na kila nilipofunga alisema sivyo. Madam aliniita jikoni. Alinishika mabega.

"Utakapoanza kufundisha," akasema, "watakuletea ukurasa mzima bila nukta hata moja. Utakasirika. Kabla hujakasirika, soma kwanza anasema nini. Mtoto anayesahau kupumua ana jambo la kusema."

Nilitaka kumjibu kitu kizuri, kilichonyooka, kwa Kiingereza hata, ili ajue kazi yake haikupotea. Nililia tu.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi wangu wanaandika kama wanavyoandika kwenye simu, hawana nukta wala herufi kubwa, wanaweka vikaragosi vya kucheka mahali pa nukta. Yupo mmoja ambaye mama yake alitoka Kongo, mkato anauita virgili kama anavyousikia kwa mama, na wenzake wameiga. Siwakatazi. Darasa langu likisoma kwa sauti linapiga makofi, na walimu wa vyumba vya jirani wamekwisha kuzoea.

Mwezi uliopita simu ilinijia jioni, nikiwa nasahihisha. Ilikuwa ni yeye. Sauti imezeeka kidogo, lakini utamu ni uleule. Aliniuliza habari za kazi, za mume wangu, za mama yangu kule Murungu. Nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Yuko barazani, anabishana na redio. Kifua kimepona, mdomo ndio haujapona." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, maharage ya huku hayana ladha. Nimepika leo, nimekaa nayo saa nzima nayaangalia. Nikakumbuka yale ya njano ya huko kwenu."

"Nitakutumia, Madam."

"Usihangaike."

"Sihangaiki."

Jumamosi nikaenda sokoni Kasulu mapema, kabla jua halijapanda na wakati ukungu bado umelala mabondeni. Nikamkuta mama mmoja wa Kiha ana maharage ya njano, makavu, yamepepetwa vizuri. Tukasalimiana kwa kirefu, habari za watoto, za mifugo, za shamba. Nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, nikayasikia yalivyo baridi. Nikamwambia anipimie ya kumtosha mzee mmoja na mke wake mpaka mvua zijazo, na ayafunge vizuri, yanakwenda mbali.